Gari la Kijani cha Kisamvu

Mke wangu hakuliona gari lililomleta kwangu. Alikuwa ndani yake, amekaa kiti cha nyuma, amefunikwa gubigubi tangu utosini mpaka vidoleni, na somo yake, kungwi aliyemfunda, kamkalia ubavuni kama askari. Alilisikia. Alilinusa. Lakini kuliona hakuliona, na kesho yake asubuhi mimi nilikwisha kulirudisha kwa mwenyewe.

Nalitaja hilo mwanzo kabisa kwa sababu watu wakisikia mzee kama mimi ameanza kwenda kwenye minada ya magari ya kale, yale ya Kimarekani ya milango miwili, injini kubwa na kelele nyingi, wanadhani ameingiwa na wazimu wa uzeeni. Msikitini mmoja aliniuliza kama nataka kuoa tena. Nikamwambia nataka kumuoa yuleyule.

Mimi skuli sikukaa. Kusoma nilijifunza chuoni, chuo cha Kurani, kwa mwalimu na bakora yake, na herufi za Kizungu nilijifunza kwenye maboksi ya spea. Nilikuja Dubai kijana, na mji wenyewe ulikuwa kijana. Nilianza kwa kufagia gereji ya arbab mmoja, yaani tajiri wa Kiarabu, upande wa Deira, nikapanda mpaka nikawa fundi wake, kisha nikafungua kiduka changu mtaa wa Naif na kupeleka spea na magari Unguja, Dar na Mombasa. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba niliyonayo, skuli walizosoma wanangu, vyote vimetoka kwenye mafuta machafu yaliyoingia kwenye kucha hizi. Sisemi kwa kujisifu. Basi hata nikijisifu, ni yangu.

Arbab yule alikuwa na gari moja alilolipenda kuliko ndugu zake. Boneti refu, mgongo mfupi, likiwashwa mtaa mzima unajua. Pale gereji hakuruhusiwa mtu kuligusa ila mimi. Klachi yake ilikuwa ngumu kama mlango wa jela, na mimi peke yangu ndiye niliyejua tabia yake. Nilipoposa, na nikakubaliwa, arbab akanirushia ufunguo. "Mlete mkeo, kesho unirudishie. Khalas."

Posa yangu ilikuwa kwa watu wa nyumbani, Waunguja wenzetu, waliokuwa wakikaa Bur Dubai. Kwa desturi zetu bwana harusi hamfuati biharusi na usukani mkononi. Anakaa kwake, amevaa, anangoja. Lakini nani mwingine angeliendesha gari lile? Nikenda mwenyewe baada ya alasiri, kanzu, joho na kilemba, na wanawake waliponiona nashuka upande wa dereva wakapiga kelele.

"Jamani, bwana harusi ndiye dereva! Makubwa haya!"

"Pengine kulipa dereva kumemshinda!"

"Hebu muoneni, kilemba na usukani!"

Somo yake biharusi, mwanamke mnene asiyecheka, akatia kichwa dirishani akanusa. "Petroli," akasema. "Mwari wangu haingii humu mpaka pafukizwe." Akaleta chetezo, kimejaa makaa na udi, akakiweka ndani, chini, nyuma ya kiti cha mbele, akafunga madirisha na milango kama anafukiza chumba. Moshi ukajaa, ukaanza kutoka kwenye kila upenyo. Mpita njia mmoja, sijui alikuwa Mhindi au Mbalochi, alidhani gari linaungua akaja mbio na ndoo ya maji. Tulimzuia kwa mikono. Kaa moja lilianguka likatoboa zulia. Kesho yake arbab alilitia kidole lile tundu, akakinusa, akasema "Mabruk," na hakusema jingine.

Basi tukaondoka. Nyuma yangu watu wawili, hapana anayesema. Mimi sijapata kusikia hata sauti yake yule mwanamke. Nilikuwa nimeoneshwa tu, kwa mbali, tena mara moja. Tukavuka daraja. Kwenye kona, tulipokaribia soko la samaki, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Somo akasema, "Laa ilaha illa Llah." Halafu chini ya ile shiraa, vazi lililomfunika biharusi, nikasikia mtu anacheka. Anajizuia, hawezi, anacheka. Sauti ya kwanza ya mke wangu niliyoisikia duniani ni kicheko.

Nikageuka kidogo nikasema, "Kabureta." Nimesema hivyo maisha yangu yote, kila harusi, kila sikukuu kisa hiki kinapohadithiwa. Ilikuwa kabureta.

Sasa macho yake yanaondoka. Ni presha ya macho, ugonjwa usiouma. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, dawa zinazuia tu, tena zinazuia kidogo. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Akinitizama uso haoni mikono. Akitizama sahani haoni aliyekaa mbele yake.

Jioni moja tumekaa barazani, hii baraza ya ghorofani kwetu Al Nahda, inayotizama maghorofa mengine, akaniuliza, "Bwana wee, lile gari lilikuwa rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani gani? Kijani kiko kingi."

"Cha kisamvu."

"Kibichi au kilichopikwa?"

"Kibichi. Kisamvu cha asubuhi, kimenyeshewa mvua."

Muda mrefu hatujaona kisamvu kilichonyeshewa mvua, mimi na yeye. Hapa tunakinunua kimegandishwa, kimesagwa, kimekufa. Kisha akasema, "Ningependa kuliona." Basi. Huyu si mwanamke wa kuomba. Nimekaa naye umri mzima, hajapata kuniambia ninunulie hiki. Nikajua hapo kwamba nitalitafuta, na kwamba natafuta huku tundu la ufunguo linaziba.

Lilelile lilikwisha kufa zamani. Nililiona mwenyewe Sharja, kwenye makaburi ya magari, halina milango, mapipa yamepangwa juu yake. Siku ile nilipita kama sikuliona. Kwa hiyo nilikuwa natafuta ndugu yake, wa tumbo moja, wa mwaka mmoja, wa rangi moja. Nilikwenda minada. Niliona mekundu, meusi, na yenye mistari myeupe mgongoni kama punda milia. Muuzaji mmoja aliniambia nichukue jekundu nilipake rangi. Nikamwambia nawe kapakwe. Kila nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza nikiwa bado navua viatu, "Lipo?" Nasema, "Halipo." Anasema, "Haya," na anakwenda kupakua chakula kwa kupapasa.

Mwisho likatokea. Binti yangu, yule anayekaa nasi, aliliona kwenye simu, kwenye tangazo la mnada, akanionesha. Lilikuwa lilo hilo. Kijani. Nilimpokonya simu nikaenda kukaa nayo chooni, niseme kweli, sikutaka anione uso.

Alipopata nafasi akaniambia, "Baba, kuna siku ya kuyatizama kabla ya mnada. Mtu yeyote anaingia. Si umpeleke mama akalione, yaishe?"

"Mama yako si mtalii," nikamwambia. "Hendi kutizama gari la watu nyuma ya kamba. Ataliona likiwa mlangoni kwake."

"Sawa. Lakini pale, Baba, tafadhali, usifanye mambo ya Naif."

"Naif ndiyo iliyokusomesha."

Lazima nieleze mambo ya Naif, maana ndiyo yaliyoniponza. Ukitaka kitu Naif, la kwanza, usioneshe kwamba unakitaka. Kitie ila, sema kina kasoro. Kigeuze, kunja uso, uliza kama hakuna kizuri kuliko hiki. Taja bei yako. Akikataa, kiweke chini, sema ghali, toka. Hapo kwenye kutoka ndipo penye ufundi wote. Usitoke mbio, na usigeuke. Kabla hujafika duka la pili utasikia nyuma yako, "Hajji! Taal, taal!" Unarudi pole pole kama mtu aliyesumbuliwa, na bei ni yako. Nimeitwa hivyo ujana wangu wote na utu uzima wangu wote. Maduka, magari, kontena zima la injini, vyote nimevipata mgongo ukiwa umegeuka.

Siku ya kuyatizama nilikwenda peke yangu. Ukumbi wa kioo, baridi ya mashine, mazulia, kila gari na taa yake kama biharusi jukwaani. Na lile kijani kwenye pembe. Nikashika nguzo. Kisha nikaenda kulitukana. Nilisema kwa sauti, nisikiwe: rangi imepakwa na mtoto, milango imelegea, mpira huu wa wapi. Nikafungua mlango, nikainama kushika zulia la nyuma, pale pale, nyuma ya kiti cha mbele. Zulia lilikuwa jipya. Najua si lile, lakini mkono ulikwenda wenyewe.

"Mzee wangu, hapa hawaruhusu kugusa." Askari wa mlangoni alikuwa Mganda, mrefu, kavaa suti ya kampuni iliyombana mabegani.

"Wala silitaki," nikamwambia. "Gari bovu."

"Bovu, na umelizunguka kama Kaaba?"

"Astaghafiru, wewe!"

Akacheka. "Samahani, mzee. Lakini umelipenda. Hata mimi ninaona."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa ameona. Ikiwa askari wa mlangoni ameona, dalali ataona.

Siku ya mnada nilivaa kanzu yangu nzuri na kofia niliyoshonewa na mke wangu macho yake yalipokuwa mazima. Alinitia udi mwenyewe, akanizunguka na chetezo kwa kupapasa, akaunguza kidogo pindo la kanzu. Nilimwambia tu nitapiga simu.

Walinipa kibao chenye namba. Ukiinua umeongeza. Dalali alikuwa Mzungu mwenye tai, mdomo mwepesi kama maji, na wasaidizi wake wamesimama na simu masikioni wanasema na watu walioko kwingine duniani. Sisi kwetu dalali anakujua, anajua na baba yako, anaweza kukutania na kukungoja. Huyu alikuwa hajui mtu. Magari yalikwenda, moja, la pili, mimi mikono mapajani. Kisha likaja la kijani.

Nikainua. Wakainua wengine, wakaanguka mmoja mmoja, hata tukabaki wawili, mimi na mtu mmoja wa safu ya mbele niliyemuona kisogo tu. Akainua. Nikainua. Akainua. Pesa ninazo, watu wasidhani. Ningeweza kuinua mpaka Ijumaa. Lakini dalali alinigeukia, akanyosha mkono kwangu, akatabasamu, na lile tabasamu nililijua. Ni la mwenye duka aliyekuona unakitaka. Na mimi mwili wangu ukafanya ulichofundishwa. Nikasema "Ghali!" kwa sauti, nikakiweka kibao kitini, nikasimama, nikatoka.

Sikutoka mbio, na sikugeuka.

Yule Mganda alikuwa mlangoni. Macho yakamtoka. "Mzee! Unaenda wapi? Ndilo linauzwa sasa hivi!"

"Tulia," nikamwambia. "Wataniita."

"Nani atakuita? Mzee, rudi, inua mkono!"

"Nimekwambia tulia, wewe mtoto. Hii kazi naijua kabla hujazaliwa."

Nyundo ikagonga. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mlango. Watu wakapiga makofi. Mganda hakusema neno, na ninamshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kwake. Alinifungulia mlango tu, kama kwamba kweli nilikuwa naondoka.

Nilikaa nje kwenye ukingo wa bustani. Sikumbuki nilikaa kiasi gani. Nilikuwa nafikiri maneno ya kumwambia mke wangu, nikawa sioni neno. Simu ikalia. Binti alikuwa amempa mama yake aseme.

"Lipo?" akauliza.

Nilitaka kusema halipo, kama siku zote. Lingekuwa uongo, lilikuwapo, nalisikia linazungumzwa nyuma ya kioo.

"Lipo," nikasema.

"Umelichukua?"

Nikasema, "Mwambie mwanao akulete. Njoo ulitizame."

Nilipokata simu ndipo nilipojua nimefanya nini. Nimemwita mgeni kwenye nyumba ya mtu. Na mimi kununua najua, kuuza najua, kutoa pia natoa, Mungu anajua. Kuomba sijui. Sikupata kufunzwa.

Mwenye gari, yule mtu wa safu ya mbele, nilimkuta kando ya gari kwenye uwanja wa nyuma, ambako lori la kubebea magari lilikuwa linamsubiri. Mtu wa hapa hapa, wa makamo, ghutra ya kichwani kaitupia begani. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Tulizungumza Kiarabu.

"Wewe ndiye uliyetoka."

"Ndiye."

"Nilidhani umechoka nami."

"Nilikuwa nakungojeni mniite."

Akanitizama. Kisha akaelewa, na alicheka mpaka akashika boneti. "Wallahi, mzee wangu! Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa, alimwita kila mtu aliyetoka, hata asiyetaka kununua! Lakini wale mle ndani? Wale nyundo ikishuka hawakujui!"

Nilimwacha amalize kucheka. Kisha nikasema, "Nina ombi," na neno lenyewe lilinipita kooni kama shubiri. Nikamweleza. Sikueleza vizuri, nilirukaruka, harusi, macho, udi, kijani. Hakucheka tena. Alimpigia mtu wa lori kelele angoje, akaagiza chai ya karaki, tukanywa tumesimama, tunazungumza kabureta.

Mke wangu alifika kashikwa mkono na binti. Nikamchukua mimi, nikamsimamisha mbele ya taa. Haliwezi kuingia lote kwenye tundu lake, kwa hiyo alilipitia kidogo kidogo, anageuza kichwa pole pole, toka taa hadi mlango, toka mlango hadi mkia, kisha anarudi, kama anayesoma msahafu kwa kidole.

"Mbona refu hivi?"

"Ndiyo magari ya siku zile."

"Na hili domo?"

"Boneti. Injini imo humo."

Akaweka kiganja kwenye rangi. "Kisamvu," akasema. "Kweli. Kibichi." Kisha, "Mimi siku zote nilikuwa naliota jeupe."

Mwenye gari akaniwekea ufunguo mkononi. Akasema nilipeleke mimi mwenyewe mpaka kwenye lori, ni upande wa pili wa uwanja tu, na mama akae nyuma. Akainamisha kiti cha mbele, binti akamsaidia kuingia. Mimi nikakaa penye usukani. Ndani kulinuka ngozi mpya na nta. Nilitafuta udi, nikaupata kidogo, ukitoka kwenye kanzu yangu mwenyewe, pale palipoungua. Nikatizama kioo. Mke wangu alikuwa ameushika mtandio wake, anauvuta, amejifunika uso wote.

Nikawasha. Loo, sauti ile. Sitaieleza. Nikakanyaga klachi, nzito kama zamani, na mguu wangu si wa zamani. Tulikwenda kidogo, vizuri kabisa, mtu na mkewe. Kwenye kona ya uwanja mguu ukateleza, gari likaruka kama mbuzi, likazima.

Kwa nje nikamsikia mwenye gari, "Yaa Allah!"

Halafu nyuma yangu mtu anacheka. Anajizuia, hawezi. Si kicheko kile, kile kilikuwa cha msichana. Hiki kina kikohozi ndani yake. Lakini kilianzia pale pale.

"Kumbe si kabureta," akasema chini ya mtandio. "Miaka yote hii. Kumbe dereva."

"Kabureta," nikasema. Na mpaka leo nasema kabureta.

Tukashuka. Wakalivuta juu ya lori, wakalifunga minyororo, mwenyewe akanibusu kichwani akaenda zake. Tulisimama sisi wawili, binti amekwenda kuleta gari lake. Lori likanguruma, likatoka getini, likakata kulia. Mke wangu alikuwa anatizama kushoto, macho ameyakaza, mkono wake umeshika pindo la kanzu yangu.

"Bado linaonekana?" akaniuliza.

Barabara ilikuwa tupu.

"Bado," nikamwambia. "Tizama tu."